Wifi amemfananisha mume wangu na dumu la mawese, naye akanyamaza

Shangazi, asalamu alaykum. Saa tisa usiku hii sijapata hata lepe la usingizi. Mzee anakoroma hapa ubavuni, mimi nalitafuna neno la wifi tangu Ijumaa.

Alikuja Ujiji kutoka Kasulu kumwona kaka yake, na alikuwa ameshasikia nataka kwenda naye Hija. Nikampikia ugali wa muhogo na migebuka, kala kashiba, kisha mbele ya mashemeji wote anasema: "Wifi, yaani kaka yetu utamburura mpaka Makka kama dumu la mawese?" Watu wakacheka. Dumu! Baba wa watoto wangu watano.

Ni kweli alipata kiharusi mwaka 2021, mkono na mguu wa kushoto havina nguvu. Lakini akili yake timamu. Hapa nyumbani anatembea na mkongojo. Kandambili ya kushoto humvuka, basi namfungia kwa kipande cha kanga kwenye kifundo, na kila baada ya alfajiri tunapanda vidato vitatu vya baraza, kwa ajili ya ngazi za ndege. Zamani alikuwa anaishia cha pili. Sasa anafika juu, anageuka kuniangalia. Hayo wifi hakuyauliza.

Wala sikukurupuka. Nimeuza dagaa Kibirizi miaka kumi na tisa, hela ni jasho langu, kiwanja cha urithi wao sijakigusa, maana najua ndicho kinachowawasha. Nimemuuliza wakala kila kitu. Kiti cha magurudumu unakiomba mapema kwa watu wa ndege, Makka wapo wanaosukuma kwenye tawafu, kule kuizunguka Kaaba, kwa malipo, na kati ya vilima vya Safa na Marwa viti vina njia yake. Mawe ya kurusha kule Mina, mtu dhaifu anarushiwa na mwingine. Treni mpaka Dar nimeikataa kabisa. Kinachonitisha ni kile choo cha ndege, na mahema ya Mina, wanaume kwao na sisi kwetu. Usiku akitaka kuinuka, nani atamwinua?

Lakini dumu, Shangazi. Na mzee alisikia! Aliinamisha kichwa akavuta tasbihi yake. Dada yake amtukane, amtukane na mkewe, yeye asiseme hata "nyamaza"?

Juzi usiku ndipo akaniambia: "Mama, nenda wewe. Ukishahiji yako, mwaka mwingine utanihijia." Shehe wetu anasema inafaa, asiyetarajiwa kupona huhijiwa na mtu aliyekwisha kuhiji yake. Nililia, nikamwambia bila wewe siendi. Na kweli siendi.

Ila pasipoti yangu imeshatoka, ya kwake bado. Mara mbili tulipanga kwenda uhamiaji, mara mbili nikaahirisha mimi, nikisingizia mvua. Mgongo wangu umechoka, Shangazi. Hili sijamwambia mtu. Wakati mwingine najiona nimesimama mbele ya Kaaba mikono mitupu, sisukumi kiti, halafu nashtuka kama mwizi.

Wifi anasema atakuja kukaa naye wiki zote hizo. Yeye yule! Nikienda peke yangu, si nitakuwa nimekubali neno lake? Na nikimchukua, namchukua kwa ajili yake, au kwa ajili ya kumjibu wifi?

Tafadhali nijibu mapema, wakala anataka malipo ya kwanza mwisho wa mwezi.

Mama watano, Ujiji