Mtoto achapwe kwa sababu ya sifuri?

Ndugu Mhariri,

Habari yenu ya ufaulu mbovu wa Hisabati nimeisoma mpaka mwisho. Mliowahoji wakalaumu uvivu wa watoto, wazazi wasiofuatilia, uhaba wa vitabu. Hakuna hata mmoja aliyegusa namna tunavyozifundisha namba zenyewe. Tangu nistaafu ualimu nimekaa kimya, lakini hili siwezi kuliacha lipite.

Mjukuu wangu yuko darasa la tatu. Juzi karudi na daftari lililochorwa mkasi mwekundu na miguu yenye alama za fimbo. Kaambiwa aandike mia tatu na tano, akaandika 3005. Mwalimu akamwita mzembe mbele ya wenzake. Mzembe! Mtoto kasikia mia tatu, kaandika 300. Kasikia tano, kaongeza 5. Warumi waliandika hivyohivyo, CCC kisha V, na wakaendesha dola. Sifuri hawakuihitaji, maana alama yao ya mia ni mia popote ilipo. Wababeli, walioandika kwa nafasi kama sisi, yaani thamani ya alama inategemea mahali ilipokaa, kwa karne nyingi waliacha pengo pale pasipo na kitu, msomaji akisie mwenyewe. Kanuni za kukokotoa kwa sifuri aliziandika mwanahisabati Brahmagupta, India, mwaka 628. Karne ya 9 mwanahisabati al-Khwarizmi akazieleza tarakimu za Kihindi, asili ya hizi zetu za leo, huko Baghdad. Mwitaliano Leonardo wa Pisa, aliyejifunza Bejaia nchini Aljeria, akazitetea katika kitabu chake cha 1202, na bado mwaka 1299 chama cha wabadili fedha wa Florence, Italia, kikapiga marufuku kuziandika katika daftari za hesabu. Watu wazima, tena wafanyabiashara! Jambo lililowasumbua binadamu muda wote huo, mtoto wa miaka minane anatakiwa alishike kwa kipindi kimoja, la sivyo fimbo.

Mimi nilikuwa napanga makopo matatu mezani: mamia, makumi, mamoja. Kwa mia tatu na tano watoto wanatia vijiti, kopo la katikati linabaki tupu. Nawaambia watu wa kale walikwama hapohapo, kisha nauliza, tuandike nini ili mtu asiyeyaona makopo aelewe? Sifuri wanaidai wenyewe.

Na msiniambie muda hautoshi. Mwalimu huyohuyo asiye na muda asubuhi, jioni anao wa twisheni, kwa fedha za mzazi, na huko kinachofundishwa ni kukariri majibu ya mitihani iliyopita.

Ninachopendekeza hakihitaji wafadhili. Mwaka 1950 huko Ishango, Kongo, kando ya Ziwa Edward, ulifukuliwa mfupa wa kama sentimita 10 wenye mikato iliyopangwa kwa mafungu katika safu tatu. Unakadiriwa kuwa na miaka 20,000 hivi, na sasa uko Brussels. Kila shule ya msingi imwite fundi seremala achonge mfano wake wa mbao, mmoja kwa kila dawati. Safu moja ina mikato 11, 13, 17 na 19. Nyingine 9, 19, 21 na 11. Watoto waihesabu kwa vidole, wajumlishe, waone wenyewe kwamba kila moja ya safu hizi mbili inafika 60. Halafu waulizwe: kwa mikato mitupu, mia tatu na tano ungeiandikaje? Kamati za shule zinaweza kuanza muhula ujao, hakuna waraka wa kusubiri.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro