Kukariri sio kuongea

Mhariri, naomba kanafasi. Mdogo wangu hapa Majengo, Moshi, anajiandaa na mtihani wa kuongea wa IELTS, ule wa kimataifa wa kupima Kiingereza, basi kakariri majibu daftari zima, usiku anayaghani kama shairi, nikamuuliza swali lilelile nimeligeuza kidogo tu, kimya, anaangalia dari. Na ile sehemu ya pili unapewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujiandaa halafu unaongea mpaka dakika 2, sasa kama umemeza sentensi, neno moja likikutoka umekwisha. Nikamwambia andika maneno manne tu, jirekodi kwenye simu, rudia kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki. Saa hizi anapiga stori za soko la Mbuyuni kwa Kiingereza mpaka mama anacheka (haelewi lakini anacheka). Nyie walimu wa tuisheni mnaouza majibu, mnatuumizia vijana.

Msomaji, Moshi