Utalii wa mvinyo usiwasahau wachuma zabibu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mashamba ya mizabibu ya Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, ilinivutia, ila iliishia kwenye glasi. Bonde la Hemel-en-Aarde liko nyuma tu ya mji wa Hermanus. Upepo unaopoza mizabibu yake hutoka kwenye ghuba ileile ambako nyangumi huja kuzaa, takriban Juni hadi Novemba, karibu na ufuo kiasi kwamba unawaona ukiwa umesimama majabalini. Mavuno ya zabibu huja baadaye, kuanzia Januari. Anayepanga likizo angefaidika kulijua hilo.

Kinachoniuma zaidi ni vibarua kutotajwa kabisa. Groot Constantia, shamba lililoanzishwa mwaka 1685, lilitegemea jasho la watumwa. Baadaye vibarua wa mashamba mengi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, mtindo ulioitwa "dop", ambao uliendelea hata baada ya sheria kuupiga marufuku. Ulevi uliotokana nao bado unazitesa familia nyingi.

Tafadhali mtumeni tena mwandishi wenu, safari hii azungumze na wachumaji wenyewe, atueleze wanalipwaje na wanalala wapi.

Msomaji wenu wa siku nyingi