Kwa mdogo wangu unayekuja kusoma Leipzig: huku hakuna atakayekusoma usoni

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mama ameniambia viza imetoka na kwamba umeshaanza kuulizia bei za makoti. Koti tutalitafuta huku, mitumba ya huku ni mizuri na haina bei. Kuna jambo lingine nataka tuongee kabla hujapanda ndege, na naliandika hadharani kwa sababu wanaokuja Ujerumani mwezi wa kumi ni wengi, si wewe peke yako.

Kwetu Tanga mtu halazimiki kusema kila kitu. Ukinyamaza kidogo wakati wa kula, shangazi ameshajua una jambo. Ukipita kwa jirani chakula kikiwa mezani, unakaribishwa kabla hujafika mlangoni. Huku watu wanaona kuingilia mambo ya mtu ambaye hajaomba ni kumkosea heshima. Kwa hiyo wanakuacha. Wewe unasubiri uulizwe, wao wanasubiri useme, na miezi inapita.

Jikoni utaliona mapema. Kwenye nyumba ya kupanga pamoja kila mtu ana rafu yake ndani ya friji. Jioni mwenzako ataketi, atakata mkate, ataweka jibini na vipande vya tango, atakula mbele yako bila kusema karibu. Hicho ndicho chakula chake cha usiku. Iliniuma sana mwanzoni. Siku moja nikapika wali wa nazi na samaki, nikamwambia wazi: nimepika kwa ajili yetu sote, kaa tule. Alikula, akashukuru, kisha akafungua kalenda kwenye simu na kupanga Alhamisi ya wiki mbili mbele iwe zamu yake. Nikadhani ananikwepa. Alhamisi ile ilipofika nilikuta meza imeandaliwa, na ameuliza watu kama naweza kula hiki au kile ili asije akapika nyama ya nguruwe. Upendo wa huku unawekewa tarehe, lakini tarehe ikifika unaukuta.

Darasani ndiko kwenye uzito zaidi. Tumelelewa kwamba mwanafunzi mwenye adabu anasikiliza, anaandika, na swali lake anampelekea mwalimu pembeni baadaye, tena akithubutu. Kwenye semina za huku anayenyamaza anadhaniwa hajasoma. Profesa anaweka hoja, anawatazama, anasubiri mtu aipinge. Kijana anamjibu, "Hapo sikubaliani na wewe," na profesa uso unamchangamka. Mara ya kwanza nilitamani kumwombea radhi yule kijana! Wewe soma makala mapema, andika sentensi mbili kwenye karatasi, uzitoe mwanzo mwanzo kabla woga haujakomaa. Kijerumani kikiyumba, acha kiyumbe. Na ukiambiwa kazi yako ina kasoro, wanasema kazi, hawakusemi wewe. Kesho yake mwalimu huyo huyo atakuandikia barua ya mapendekezo. Mhadhara ukiisha watagonga meza kwa vidole. Ndiyo makofi yao.

Alama zao zimegeuzwa: 1.0 ni ya juu kabisa, 4.0 umepita kwa shida, 5.0 umefeli. Kujiandikisha kwa mtihani ni juu yako, na siku ya mwisho ikipita hakuna atakayekukumbusha.

Halafu pesa. Zile euro 11,904 ulizowekewa kwenye akaunti maalumu kwa ajili ya viza utazipata euro 992 kila mwezi, na kodi, bima ya afya na chakula vyote vimo humo. Nyumbani wakisikia euro watazigeuza shilingi. Mmoja ataleta ada, mwingine bati. Nakuomba waambie sasa hivi, ukiwa bado umekaa nao barazani, kwamba hiyo ni pesa ya kuishi na wewe unakwenda kusoma. Nina uchungu na hili. Nawaona vijana wenzetu wanabeba maboksi ghalani usiku kucha, asubuhi wanasinzia kwenye mihadhara, kisa wanaona aibu kusema sina. Mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka. Zinatosha kuongezea kidogo, hazitoshi kujenga Tanga.

Desemba jua linachomoza saa mbili na ushee asubuhi, saa kumi jioni limezama, na siku nyingi hulioni kabisa. Utalala kupita kiasi, utaanza kuacha simu ya mama iite mpaka ikatike. Ukifika hapo sema. Studentenwerk, wale wanaoendesha mabweni na kantini, wana washauri wa kisaikolojia na mazungumzo yenu ni siri. Kwenda kwao si wazimu wala upungufu wa imani. Na yupo atakayekutazama vibaya kwenye tramu, pengine akakutolea maneno. Hilo pia usilimeze peke yako. Niambie, na likizidi piga 110, namba ya polisi.

Chuo kinafundisha Kiswahili katika masomo ya Afrika, kwa hiyo wapo wanafunzi wanaotafuta mtu wa kuongea naye. Mpe saa moja ya Kiswahili, akupe saa moja ya Kijerumani. Marafiki zangu wa kweli hapa nimewapata kwa njia hiyo.

Nyama kavu usibebe, forodha wataichukua. Dagaa ni ruksa, leta wa kutosha. Ukishahamia una wiki mbili tu za kujiandikisha ofisi ya wakazi, na miadi yao inajaa haraka, kwa hiyo nitumie tarehe ya ndege leo nianze kukutafutia nafasi.

Dada yako