Wifi yangu anasema nimeshiba kwa sababu nimeacha kuweka dawa ya nywele

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa tisa usiku. Mume wangu amelala, mimi nimekaa jikoni kwenye kigoda, maana kila nikifumba macho nasikia neno moja tu. Umeshiba. Wifi yangu mkubwa kaniambia nimeshiba, mbele ya wateja watatu na binti anayenisaidia kazi. Mmoja alikuwa chini ya draya, akaliinua kabisa kichwani ili asikie vizuri.

Nimeshiba nini mimi? Kodi ya fremu ni 150,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Umeme mnaujua. Mtu aliyeshiba hafungui saluni saa moja asubuhi akafunga saa nne usiku na miguu imevimba.

Kosa langu ni kwamba tangu mwezi wa pili nimeacha kuweka dawa ya kunyoosha nywele. Hilo tu. Nasuka, naosha, naweka stimu, nafunga rola, nashona wigi, anayetaka msuko wa vitunguu au wa twende kilioni karibu. Dawa ndiyo nimeacha. Ukutani nilichorewa huduma zote na bei zake, nikaupaka ule mstari rangi nyeupe kwa mkono wangu, mara mbili, na bado asubuhi jua likipiga unasomeka.

Na usidhani nilikurupuka. Jirani yangu wa fremu ya pili anatengeneza sabuni za mche. Kabla hajafungua kostiki soda yake anavaa glavu, anajifunga kitambaa puani, watoto anawafukuza. Siku moja nikasoma kopo la dawa yangu: sodiamu haidroksaidi. Ni kitu kilekile! Mimi glavu navaa, lakini mteja ana nini zaidi ya mafuta ya mgando niliyompaka masikioni? Na zile za boksi, zenye picha ya mtoto anacheka, ambazo tunasema hazina ukali, ndani mna chokaa. Chokaa, Shangazi, halafu unaichanganya na kimaji chake ndipo inafanya kazi.

Halafu mdogo wangu, ambaye ni nesi, akanisomea utafiti wa Marekani uliotoka Oktoba 2022. Waliwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11. Kati ya wanawake 100 wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, wanaokadiriwa kupata saratani ya mfuko wa uzazi hadi kufika miaka 70 hawafiki 2. Kwa waliotumia zaidi ya mara 4 kwa mwaka, ni 4. Watafiti wenyewe hawakusema kwamba wamethibitisha dawa ndiyo inayoleta ugonjwa, hilo nalijua, wala siwatishi watu. Lakini wateja wangu wa ritachi, wale wa kurudia dawa nywele zikiota, wanakuja kila baada ya miezi miwili. Hiyo ni mara 6. Nilipiga hesabu hiyo nikiwa nimeshika chanuo mkononi.

Basi nikawaeleza. Wengi walielewa, wengine wamehamia saluni ya ng'ambo ya barabara na sina kinyongo nao. Kwa wiki nilikuwa naweka dawa vichwa vinane, 15,000 kila kichwa, piga mwenyewe uone nimepoteza kiasi gani. Ndiyo maana neno hili linaniuma. Mtu aliyeshiba hatupi 120,000 kwa wiki.

Ni kweli wifi ndiye aliyenikopesha 800,000 za draya na sinki. Nimesharudisha 650,000. Lakini Jumamosi iliyopita alikuja na binti yake wa miaka saba, mwezi ujao mtoto atabeba maua harusini, anataka awekwe dawa nywele zilale, zibanwe nyuma. Nikamwambia wifi, dawa nimeacha, nitamsuka vizuri bure. Akasema mteja wa kwanza wa saluni hii alikuwa yeye, na leo nimeshiba, namchagulia. Akamshika mtoto mkono wakaondoka.

Mume wangu anasema niweke dawa kwa dada yake yaishe. Labda ana haki. Labda ningeirudisha kwa watu wazima tu, kwani mtu mzima si anajua anachotaka? Hapana, sitaki hata kuisikia harufu yake. Ingawa nikuambie ukweli, kopo moja bado ninalo kabatini, na wiki jana nilimwekea mama mmoja mteja wangu wa siku nyingi, mlango umefungwa.

Shangazi, kuna jambo sijalisema.

Desemba nilimwekea dawa mtoto huyohuyo, ilikuwa sendofu. Nilimkalisha juu ya kreti la soda na mto, miguu inaning'inia. Akaniambia, "Anti, panachoma." Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi nilipokuwa mdogo, vumilia mwanangu, ukitaka uzuri sharti udhurike. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika, nikatoka kwenda kuchota ndoo kwa jirani. Nilikawia. Niliporudi alikuwa halii, ameshika kiti kwa mikono yote miwili. Nilipomsuuza, nyuma ya sikio la kushoto ngozi ilikuwa imetoka.

Nikapaka mafuta, nikashusha nywele zikafunika. Hakumwambia mama yake, kwa sababu nilimwomba asimwambie. Sasa ni miezi mitano, pale pana kipara cha ukubwa wa sarafu, panang'aa, hapaoti kitu. Wifi anadhani ni mashilingi. Ameshanunua tyubu tatu za dawa ya fangasi, na hiyo dawa ya nywele anaitaka ili nywele zilale zifunike hapohapo.

Sikumwambia kwa sababu ya ule mkopo, na kwa sababu ni wifi, unajua maneno ya ukweni yanavyosafiri. Na huduma nilishaifuta, sasa nikisema itasaidia nini? Lakini mtoto anapakwa dawa ya fangasi asiyokuwa nayo, na Jumamosi alipokuwa anatolewa nje aligeuka akaniangalia.

Jumamosi hii wifi anakuja kuchukua 150,000 zake zilizobaki. Nimpe hela kwanza ndiyo nimwambie, au nimwambie kabla? Au nimwambie mume wangu, aongee naye yeye? Na yeye kuniambia nimeshiba mbele za watu, hilo nalo liende hivihivi?

Nijibu mapema Shangazi, kabla ya Jumamosi kama inawezekana.

Mwenye saluni, Mbagala