Saa ya Kiyama haipimi uwezekano wa vita

Mhariri,

Kila Januari magazeti huipa Saa ya Kiyama ukurasa wa mbele kana kwamba inapima uwezekano wa vita vya dunia. Haipimi. Ni saa ya mfano, ambayo saa sita usiku humaanisha maangamizi ya binadamu: onyo linalotolewa na kamati ya wataalamu wa jarida la Bulletin of the Atomic Scientists, na onyo hilo halina asilimia ndani yake. Oktoba 1962, Marekani na Muungano wa Kisovieti zilipofikishana ukingoni kwa sababu ya makombora ya Cuba, mshale ulikuwa dakika 7 kabla ya saa sita usiku, palepale ulipowekwa 1960. Mwaka 2025 uliwekwa sekunde 89 kabla ya saa hiyo.

Waandishi wenu watenganishe kuhesabu yaliyotokea na kukadiria yajayo.

Katika kuhesabu, rejea kubwa ni kanzidata ya migogoro ya silaha ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Mgogoro unaohusisha serikali huingia humo ukiua watu wasiopungua 25 mapiganoni kwa mwaka. Ukifika 1,000 huitwa vita. Basi mgogoro uliotoka vifo 24 hadi 26 utaongeza idadi ya migogoro kwa mmoja, ilhali hali ni ileile. Idadi ya migogoro yaweza kupanda huku vifo vikishuka, hivyo chapisheni zote mbili, pamoja na makadirio ya chini na ya juu. Tena takwimu za miezi ya karibuni huwa pungufu, kwa kuwa taarifa za maeneo yaliyokatiwa mawasiliano huchelewa kufika. Ukizilinganisha na za mwaka jana zilizokwisha kusahihishwa, utatangaza utulivu ambao haupo.

Faharisi, yaani vipimo vya hatari ya vita vinavyopatikana kwa kuhesabu makala za magazeti, nazo zisomwe kwa tahadhari: vita ambavyo wahariri hawaviandiki, hazivioni.

Kwenye utabiri, msichapishe neno "huenda" peke yake. Mchambuzi aseme tukio gani, kabla ya tarehe ipi, kwa asilimia ngapi. Muda hubadilisha kila kitu: hatari ya asilimia 1 kwa mwaka, ikidumu miaka 50, inakaribia asilimia 40. Aanze na mara ngapi tukio la aina hiyo limewahi kutokea, kisha apandishe au ashushe kwa sababu anazozitaja.

Halafu apewe alama ya Brier, kipimo cha usahihi wa utabiri. Chukueni uwezekano aliotaja, toeni matokeo (1 likitokea, 0 lisipotokea), tofauti izidishwe kwa yenyewe. Aliyesema asilimia 10 hupata 0.01 tukio lisipotokea, na 0.81 likitokea. Alama ndogo ndiyo bora. Anayesema nusu kwa nusu kila siku hubaki na 0.25.

Kwa vita vya nyuklia alama hii hupotosha, maana anayesema "havitakuja" kila mwaka ataonekana bingwa mpaka siku vitakapokuja. Mpimeni kwa yanayotokea mara kwa mara: kuvunjwa kwa usitishaji mapigano, kuitwa kwa askari wa akiba, kufungwa kwa balozi. Utabiri uchapishwe ukiwa na tarehe, na alama zichapishwe Desemba, ukurasa uleule.

Wachambuzi wa takwimu za migogoro