Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wavuvi, wazee wetu wa ufukweni, akina mama wa jiko la moshi, nanyi vijana wa mitumbwi,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na nakala imebandikwa ukutani, kwa hiyo sizirudii. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana. Mikopo ya nyavu bado inasuasua, na wahusika wanajijua.

Nataka kukaa zaidi kwenye jambo ambalo wengi walilikunjia uso kamati ilipolianzisha: kusomeana mikataba ya kimataifa ya bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe hai. Mzee mmoja aliuliza kama mkataba nao unapikwa kwa chumvi ya Katwe. Tulicheka, lakini ukweli ni kwamba tunaishi ndani yake. Ziwa George liliandikishwa mwaka 1988 kuwa eneo la kwanza la Uganda chini ya Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhioevu. Leo nchi ina maeneo 12. Milima ya Rwenzori, inakotoka mito yetu, ni Urithi wa Dunia tangu 1994. Nayo mbuga ya Queen Elizabeth iliyovizunguka Hamukungu, Kahendero, Kasenyi na Katunguru inatambuliwa na UNESCO tangu 1979.

Masharti ya kuishi mahali kama hapa tunayajua kwa moyo: leseni za mitumbwi zina kikomo, jembe haliruhusiwi, kuni ni za kuhesabu. Haki zetu ndizo hakuna aliyetusomea. Mkataba wa Bayoanuwai wa mwaka 1992, ambao Uganda iliuridhia 1993, haukuandikwa kwa ajili ya wanyama peke yao. Matumizi endelevu ni moja ya nguzo zake tatu. Kisha Desemba 2022, kule Montreal, mataifa yakakubaliana malengo 23. Linalotangazwa sana ni lile la kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na maji ifikapo 2030. Lakini lengo hilohilo linataka haki za jamii za wenyeji ziheshimiwe. Lengo la 4 linataja kupunguza migongano ya watu na wanyamapori. Lengo la 9 linataka faida za viumbe wa porini ziwafikie wanaovitegemea zaidi, na la 22 linatupa nafasi ya kusikilizwa maamuzi yanapofanywa. Kwa maoni yangu, kurasa hizo zina thamani kwetu kuliko semina zote tulizolipiwa soda.

Tuliziweka kazini mwaka huu katika suala la fidia. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inaruhusu kudai fidia mtu akijeruhiwa, akiuawa au akiharibiwa mali na wanyama walioorodheshwa. Ila sheria inazungumzia madhara yaliyotokea nje ya eneo la hifadhi. Sasa sisi ambao kijiji chenyewe kimezungukwa na mbuga, kiboko akipindua mtumbwi alfajiri, tuko nje au ndani? Tumeuliza kwa barua katika ofisi zinazohusika. Ofisi moja imejibu kwamba barua imepokelewa, na hapo ndipo jibu lilipoishia. Tutauliza tena.

Hata hivyo, kudai haki hakufuti wajibu. Aprili 2018 simba 11, wengi wao watoto, waliuawa kwa sumu Hamukungu. Uchungu wa kupoteza ng'ombe naujua, lakini sumu haichagui, na mgeni anayelipa getini ndiye anayeleta ile asilimia 20 ya kiingilio inayorudi kwa jamii kupitia serikali za mitaa. Makokoro nayo bado yapo miongoni mwetu, na nyavu za macho madogo huingia majini usiku. Hapo siwatetei. Ngege anayevuliwa kabla ya kuzaa hakuna mkataba wa kumrudisha.

Lakini sikubali kila upungufu wa samaki ubebeshwe mvuvi. Shaba ilichimbwa Kilembe kuanzia 1956 hadi 1982, na mabaki yake yenye shaba na kobalti yaliachwa kando ya mto Nyamwamba. Mafuriko ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020 yalikula kingo, na maji hayo huteremka hadi Ziwa George. Kikundi cha vijana kimepanda mianzi kwenye sehemu ya ukingo. Mingi imeshika, iliyoliwa na mbuzi tutairudishia msimu wa mvua. Kazi ya kuyaondoa mabaki yenyewe si ya mianzi wala ya chama kidogo kama chetu, na ndiyo sababu tunaitaja kila tunapopewa kipaza sauti.

Ziwa Edward nitalipita haraka. Sehemu kubwa yake iko Kongo, mpaka wa majini hauonekani kwa macho, na waliokamatwa ng'ambo wanajua gharama yake. Msivuke.

Kuhusu fedha: mkutano wa nchi wanachama wa Mkataba wa Bayoanuwai uliofanyika Rome Februari 2025 ulikubaliana njia ya kutafuta dola bilioni 200 kwa mwaka kwa ajili ya bayoanuwai ifikapo 2030. Naomba mtu yeyote asikope kwa kutegemea hizo. La maana zaidi kwetu lilipita mwaka 2024 mjini Cali, Kolombia: kiliundwa chombo cha kudumu cha jamii za asili na za wenyeji ndani ya Mkataba wa Bayoanuwai. Kikao kijacho cha nchi wanachama ni Yerevan, Armenia, Oktoba 2026.

Kamati inaomba kibali chenu kwa mambo mawili. Kwanza, tuwaandikie NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, wanaousimamia mkataba huu nchini, kueleza suala la vijiji vilivyozungukwa na mbuga kabla ujumbe wa Uganda haujasafiri. Pili, kila ufukwe uteue mtu wa kuandika madhara ya wanyama siku yanapotokea: tarehe, mahali, mashahidi, picha kama ipo. Madaftari anayo katibu, na kura itapigwa baada ya taarifa ya mweka hazina.